Nani Mwenye Kicheko? Tati, Majuto na Swali la Mtoto wa Nshambya

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Nshambya, Bukoba. Jioni moja vijana wa jirani walikuja wakitaka niwawekee "picha". Nikawawekea kwenye kompyuta filamu ya zamani ya Kifaransa, Jour de fête, iliyotolewa mwaka 1949. Kifaransa hakuna aliyekijua, na DJ wa kutafsiri kama wale wa vibanda vya video hakuwepo. Basi jamani, watu walicheka! Tarishi wa posta anakimbizana na baiskeli yake inayojiendea yenyewe barabarani, na bibi yangu aliyekuwa anamenya ndizi pembeni akaweka kisu chini atazame vizuri. Ilipokwisha, mtoto mmoja wa darasa la sita akaniuliza: "Kaka, huyu mzee aliyetuchekesha, hela yake anaipata?"

Nilikosa jibu. Nimesoma fani, nimesoma maudhui, ninaweza kutaja aina za wahusika nikiwa usingizini, lakini swali la mtoto yule halimo katika madaftari yangu. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Hoja yangu ni kwamba katika kichekesho, suala la nani anamiliki kicheko huingia ndani ya fani yenyewe, na mhakiki asiyeliuliza anahakiki nusu ya kazi.

Tuanze na huyo Mfaransa. Jacques Tati, ambaye jina lake la ukoo ni Tatischeff, alizaliwa mwaka 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris. Familia ilikuwa na biashara ya kutengeneza fremu za picha, naye akafunzwa kazi hiyo. Lakini alicheza raga, na baada ya mechi aliwachekesha wenzake kwa kuigiza golikipa, mcheza tenisi, bondia. Katika miaka ya 1930 michezo hiyo ya mwili ikampeleka kwenye kumbi za maonyesho. Mwaka 1936 mwandishi Colette alimsifu kwamba anaweza kuwa farasi na mpanda farasi kwa wakati mmoja. Kumbe basi mtu huyu hakuanzia kwenye kamera. Alianzia pale wanapoanzia wachekeshaji wote: mbele ya watu, na mwili wake ukiwa ndiyo mtaji.

Katika Jour de fête tarishi François anaoneshwa filamu kuhusu posta ya Marekani, inayofanya kazi kwa kasi ya ajabu. Wanakijiji wanamdhihaki, naye anaamua kuiga. Anagonga mihuri juu ya bodi ya lori linalokwenda, mwisho anatumbukia mtoni. Dhamira ni kuiga bila kujiuliza, na kichekesho chote kimo kwenye baiskeli. Ndiyo maana Nshambya haikuhitaji mkalimani. Mtu aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi kwenye mteremko ameshaielewa nusu ya filamu hiyo.

Tarishi alipopendwa, watu walitaka aendelee. Tati akakataa. Akaunda mhusika mwingine, Bwana Hulot, mrefu, mwenye kiko na suruali fupi, katika Les Vacances de Monsieur Hulot (1953) na Mon Oncle (1958), iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Huyo naye alipopendwa, Tati akamfifisha. Katika Playtime (1967) Hulot anapotea katikati ya umati. Kwa filamu hiyo alijenga mji mzima wa bandia pembezoni mwa Paris, wenye barabara na majengo, kwa fedha zake na za mikopo. Haikurudisha gharama. Alipoteza nyumba ya familia, na baadaye hata haki za filamu zake zikatoka mikononi mwake. Alikufa Novemba 1982. Filamu ndefu alizoongoza ni sita tu, kuanzia 1949 hadi Parade ya mwaka 1974.

Sasa tuje kwetu. Amri Athumani, ambaye sote tunamjua kama King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na alianza jukwaani akiwa bado mtoto. Alipita njia ileile, kutoka jukwaani hadi video na filamu. Naye pia mtaji wake ulikuwa uso, sauti na Kiswahili chake cha Tanga. Mzee wake wa kwenye filamu ni mjanja, mchoyo, mpenda vya bure, mwepesi wa kuwaka. Alipowekwa pamoja na kijana Sharo Milionea, aliyefariki kwa ajali ya gari Novemba 2012, tulipata dhamira ileile ya tarishi François: kijana anaiga usharobaro, mzee anamshangaa, na mtazamaji anagundua kuwa wote wawili wana njaa moja ya fedha. Hapo Majuto hana deni kwa Mfaransa yeyote.

Lakini tazama tofauti ya fani. Wahakiki wetu hulalamika kwamba filamu za vichekesho za Bongo ni ndefu, zinarudia utani, na hadithi inakatwa katikati ili kuwe na sehemu ya kwanza na ya pili. Ni kweli. Ila tusiishie kumlaumu msanii. Hivi nani aliamua iwe hivyo? Soko letu la kanda na diski lilijengwa juu ya kuuza kazi jumla: msanii au mtayarishaji analipwa mara moja, msambazaji anabaki na haki. Anayelipwa kwa kazi moja moja atafanya kazi nyingi, haraka. Anayeuza diski mbili badala ya moja atataka sehemu mbili. Kwa hiyo ule urefu tunaouita udhaifu wa mtunzi mara nyingi ni mkataba unaoonekana kwenye kioo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa, lakini maji yalitiwa na mwenye duka.

Mwaka 2018 Majuto aliugua na kupelekwa India kutibiwa. Ugonjwa ule uliibua mjadala wa mikataba yake, yakiwemo matangazo ya biashara, hadi Waziri wa Habari, Utamaduni, Sanaa na Michezo wa wakati huo, Dkt. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tulikuwa nayo tangu mwaka 1999. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Nchi nzima ilikuwa imecheka naye kwa miongo, na ilimlazimu alale kitandani ndipo tuulize alilipwaje.

Najua kuna mwalimu atakayenipinga: "Huyo Tati wako si alimiliki kila kitu, na bado akafilisika?" Ni pingamizi zito. Umiliki haukumwokoa. Lakini ulimpa kitu kimoja ambacho Majuto hakupewa, yaani uamuzi. Playtime ikikuchosha, unajua wa kumlaumu, maana kila kiti kwenye picha ile alikichagua mwenyewe. Hasara ilikuwa yake na kazi pia ilikuwa yake. Kwa Majuto hatuwezi kusema hivyo. Hatujui angetupa nini kama angeambiwa, "Mzee, chukua miaka minne, tengeneza moja unayoitaka." Hasara hiyo haimo katika hesabu ya mtu yeyote, na kwangu ndiyo kubwa zaidi.

Hapa Buhaya mpiga enanga alibeba ala yake mwenyewe, na aliyetaka kusikia alimwendea yeye. Siombi turudi huko. Ninachoomba wahakiki wenzangu ni mambo mawili. Kwanza, tuache kukiona kichekesho kama mtoto wa kambo wa tamthilia. Tukichambue kwa makini tunayoyatumia kwa tanzia. Pili, tunapouliza dhamira ni ipi, tuulize pia nani alishika kamera, nani alilipa, na nani aliamua hadithi ikatwe hapo ilipokatwa.

Likizo nyingine nitarudi Nshambya na jibu lisilofurahisha. Nitamwambia mtoto yule: yule wa baiskeli aliipata, akaitumia yote kwa filamu moja aliyoiamini. Yule wa Tanga tunayemcheka kila siku, sehemu kubwa waliichukua wengine. Najua atauliza tena, "Kwa nini?"