Kiingereza Kibovu, Haki Nzima

Ndugu msomaji, kuna namna mbili za kumkumbuka Ken Saro-Wiwa, na zote mbili zinatupunja. Ya kwanza ni ile ya mabango: picha ya bwana mwenye kiko mdomoni, mtetezi wa Waogoni aliyepambana na kampuni za mafuta na serikali ya kijeshi ya Nigeria mpaka akanyongwa huko Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995, yeye na wenzake wanane. Ya pili ni ile ya madarasani: mwandishi wa Sozaboy, riwaya aliyoichapa mwenyewe mwaka 1985 katika Kiingereza ambacho juu ya jalada alikiita kibovu. Watu wa mabango hawana habari na riwaya. Watu wa riwaya nao wanayataja mabango kwenye aya ya mwisho, kwa masikitiko, halafu wanafunga kitabu.

Mimi nasema tumekata kitu kimoja vipande viwili. Sozaboy ni madai ya Waogoni yaliyotangulia kwa miaka mitano hati yao maarufu ya madai, na anayetoa ushahidi ni utingo wa lori. Ukiisoma bila kuiona kesi ya lugha iliyomo ndani yake utacheka tu, utasema jamaa anachekesha huyu, basi. Na kicheko ndicho mtego wa kitabu chenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu Waogoni. Ni watu wa delta ya mto Niger, idadi yao ilikadiriwa kuwa nusu milioni hivi katika miaka ya 1990. Wana lugha zao kadhaa, Khana na Gokana zikiwa miongoni mwake. Mafuta yaligunduliwa kwao mwaka 1958. Mwaka 1990 viongozi wao walitia saini Hati ya Haki za Waogoni, na tarehe 4 Januari 1993 watu wapatao laki tatu waliandamana kwa amani kuiunga mkono. Wengi tunakumbuka mafuta na mashamba yaliyoharibika. Wachache wanakumbuka kwamba hati ile inalalamika pia kuwa Khana na Gokana hazijaendelezwa, ziko karibu kutoweka, huku lugha nyingine za Nigeria zikilazimishwa juu yao. Katika orodha ya madai, haki ya kutumia na kukuza lugha za Waogoni imetajwa kabla ya haki ya kulinda mazingira.

Hapo mtu wa kijiweni atauliza: hivi inakuwaje? Mtu shamba lake limefunikwa na mafuta machafu, mto wake hauna samaki, anakaa chini na kudai lugha? Swali zuri. Hati yenyewe hailijibu, kwa sababu hati haina nafasi ya kusimulia. Anayelijibu ni Mene.

Mene ni kijana wa kijiji cha Dukana. Ni utingo anayejifunza udereva. Anampenda Agnes, msichana aliyekutana naye kwenye baa mjini. Vita vinakuja, na vita hivyo havitajwi jina, ingawa kila msomaji anaona ni vile vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970. Kijijini kuna mzee Zaza, mpiganaji wa zamani wa Burma, mwingi wa porojo za vita. Mene anataka kuwa mwanamume mbele ya Agnes na mbele ya kijiji, basi anajiandikisha jeshini. Sisi wasomaji wa Kiswahili jina la kitabu halitusumbui, maana neno soja tunalo. Na Zaza tunaye: ni kaka yao wale wazee wetu wa Keya waliopelekwa Burma hiyohiyo, wakarudi na koti la jeshi na Kiswahili cha amri kilichokatwakatwa.

Sasa tazama lugha inavyofanya kazi. Riwaya inapoanza watu wa Dukana wanafurahi, wameambiwa serikali mpya imekuja na rushwa itakwisha. Maneno yanatoka redioni na mjini, wanayapokea kama wanavyopokea mvua. Mene akifika kambini, mkubwa mmoja anawahutubia makuruta kwa Kiingereza kizito, kile tunachokiita ung'eng'e. Mene haelewi, lakini anavutiwa na ukubwa wa maneno. Anachong'amua ni kwamba kuna adui, na huyo adui ni nani hasa, hakuna anayemwambia. Anakwenda kumpigania mtu asiyemjua dhidi ya mtu asiyemjua, kwa hotuba asiyoielewa. Amri za gwaride anazisikia kama milio, na mwandishi anaziandika hivyohivyo zinavyogonga sikio la mtu asiye na lugha ile. Ukizisoma kwa macho hazina maana yoyote. Inabidi uzitamke kwa sauti ndipo utambue kwamba zilikuwa Kiingereza.

Fani hiyo, wandugu, haikuwekwa kama pambo. Mwandishi anamkalisha msomaji anayejua Kiingereza mahali pa Mene: unasikia sauti, unaona mdomo wa mkubwa ukicheza, maana inakukimbia. Kwa kurasa chache unakuwa Mogoni mbele ya karani. Mwanasheria angekueleza haki ya lugha kwa vifungu. Hapa unaipata kwa kunyimwa.

Kisha yupo Manmuswak. Jina lake maana yake ni kwamba mtu lazima ale, yaani mradi mkono uende kinywani. Mene anakutana naye baa, halafu anakutana naye vitani upande wa adui, halafu hospitalini, halafu tena upande mwingine akiwa na bunduki. Mtu mmoja, sare mbili. Mene mwenyewe anavaa sare za pande zote mbili bila kujua amevukaje. Kwa asiyeelewa lugha ya wakubwa, pande mbili za vita zinafanana: zote zinatoa amri, zote zinaua. Anaporudi Dukana, mama yake na Agnes wamekwisha kuuawa kwa bomu, na wanakijiji wanamwona ni mzimu uliowaletea maradhi. Kicheko cha kurasa za kwanza kinakuwa kimekauka kooni zamani.

Hizo ndizo sifa, na ni kubwa. Lakini uhakiki wa kusifu tu ni sawa na hotuba ya mgeni rasmi. Nina ugomvi na kitabu hiki.

Ugomvi wangu ni kuhusu mama yake Mene. Katika Dukana halisi mama huyu angezungumza na mwanawe kwa Khana. Chifu, mchungaji na wazee penye tembo wangesema Khana. Katika lugha hiyo Mene si mjinga. Ana methali, anajua kumheshimu mzee na kumtania rafiki, anajua kubembeleza. Ila katika riwaya wote wanatiwa katika Kiingereza kilekile kibovu, nyumbani na kambini, kitandani na kwenye handaki. Matokeo yake hatusikii tofauti kati ya lugha ambamo Mene ni mtu mzima na lugha ambamo amegeuzwa mtoto. Msomaji wa mjini anaweza kufunga kitabu akidhani kwamba watu wa Dukana ndivyo walivyo, akili zao ndizo zilizovunjika. Mwandishi mwenyewe, katika maelezo ya mwanzo, anasema lugha hii imetokana na elimu duni na nafasi chache. Sawa. Lakini riwaya ingekuwa na nguvu mara mbili kama tungesikia, hata kwa ukurasa mmoja, kile ambacho elimu duni hiyo ilikifunika.

Mtu anaweza kumtetea: angeandikaje Khana, nani angesoma? Utetezi huo una uzito, na ndio unaotupeleka kwenye siasa yenyewe. Mwaka 1992 Saro-Wiwa alichapisha makala akitetea kuandika kwa Kiingereza, kinyume na msimamo wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Wengi wetu tumelelewa upande wa Ngũgĩ. Tunajua aliwekwa kizuizini bila mashtaka tangu mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, baada ya mchezo ulioigizwa kwa Kikuyu na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, na kwamba riwaya yake ya kwanza ya Kikuyu aliiandika gerezani juu ya karatasi za msalani. Huo ni ushujaa usio na mjadala. Lakini mwandishi wa Kikuyu akirudi nyumbani anakuta mamilioni ya watu. Mwandishi wa Khana akirudi nyumbani anakuta vijiji, na kati yake na taifa kuna lugha tatu kubwa zimesimama mlangoni. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1979 ilisema shughuli za Bunge ziendeshwe kwa Kiingereza, na kwa Kihausa, Kiigbo na Kiyoruba pale maandalizi yatakapokamilika. Katiba ya 1999 ikarudia vivyo hivyo. Katika nchi yenye mamia ya lugha, tatu zikaandikwa. Kwa Mogoni, kuondoa Kiingereza peke yake kusingemrudishia Khana. Kungemkabidhi kwa jirani mkubwa.

Ndiyo maana namwelewa, ingawa sikubaliani naye mpaka mwisho. Kiingereza kilimsaidia kwelikweli. Barua alizomwandikia sista mmoja wa Ireland, Majella McCarron, zilitoka kizuizini zimefichwa kwenye vikapu vya mikate, na zikachapwa kitabu mwaka 2013. Zingeandikwa kwa Khana, dunia ingehitaji mkalimani. Lakini mtu anayedai lugha yake isife, halafu hata katika riwaya ya kijiji chake haipi sauti, anaacha deni. Deni hilo halifuti ushujaa wake. Linabaki kwetu tunaoandika baada yake.

Na hapa, vijana wenzangu wa kalamu, tusijifanye watazamaji. Sisi tumezoea kujiona upande wa waliodhulumiwa lugha, kwa sababu Kiswahili kimesimangwa sana na wenye ung'eng'e wao. Kweli kabisa. Lakini mtoto wa Kihadzabe kando ya Ziwa Eyasi anapoingia darasa la kwanza, anayekuja na maneno makubwa ubaoni ni nani? Ni Kiswahili chetu. Sijasema tukiache. Nasema lugha inaweza kuwa mwathirika mjini na mbabe kijijini siku moja hiyohiyo, na mwandishi asiyeona hayo atakuwa anaandika akiwa amefumba jicho moja. Hadithi ngapi tunazoletewa ambamo bibi wa kijijini, iwe Songea au Taita, anazungumza Kiswahili cha kitabu kama mtangazaji wa redio? Au anazungumza Kiswahili kilichopinda, ili sisi wa mjini tupate kucheka? Njia zote mbili zimemnyima yule bibi lugha yake. Sina dawa moja ya kuwapa. Ila kabla hujamfungulia mhusika alama za mnukuu, jiulize anasema lugha gani hapo, na kwa lugha ile yeye ni nani.

Turudi Port Harcourt. Tarehe 21 Mei 1994 wazee wanne wa Kiogoni waliuawa na kundi la watu. Saro-Wiwa, ambaye siku hiyo askari walikuwa wamemzuia kufika eneo lile, alishtakiwa kwamba ndiye aliyechochea. Mahakama maalumu iliyoundwa na serikali ya kijeshi ilimhukumu kifo, bila haki ya kukata rufaa. Mtu aliyeandika kitabu kizima kuhusu maneno makubwa yanayoua, maneno makubwa yakamfikia.

Hayajaisha. Tarehe 12 Juni 2025, miaka 30 karibu itimie, Rais Bola Tinubu alitangaza kuwasamehe wale tisa na kuwapa nishani za taifa. Kuna waliopiga makofi. Watetezi wa haki za Waogoni wakauliza: msamaha wa kosa lipi? Husamehewa mkosaji, na wao walichodai miaka yote ni kutamkwa kwamba watu wale hawakuwa na hatia. Neno moja tu, lakini tazama lilivyobeba hukumu ileile ndani ya shuka safi. Mene angekuwepo pale angeona mdomo wa mkubwa unacheza, angesikia watu wanashangilia, na kwa kawaida yake angemgeukia jirani kumuuliza hilo neno maana yake nini. Someni Sozaboy kwa ajili ya swali hilo, na mkimaliza, lichukueni mkaulizie kwenye vitabu vyenu.