Nyangumi, Omena na Hesabu ya Mwenye Boti

Kitabu cha J. Ross Browne kuhusu uwindaji wa nyangumi kimekaa miaka mingi kwenye kivuli cha Moby-Dick. Kilitoka New York mwaka 1846, na Herman Melville alikihakiki mwaka uliofuata, kabla ya kuchapisha riwaya yake ya 1851. Wengi hukitaja kwa sababu hiyo tu. Mimi naona mtu wa ziwani, kuanzia Sori hadi Mbita, ana sababu nyingine ya kukisoma: kinaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuhangaika majini miezi na miezi, halafu abaki na deni.

Browne alizaliwa Ireland mwaka 1821, akakulia Kentucky, na mwaka 1842 akaajiriwa kwenye meli ya nyangumi iliyotoka Massachusetts. Katika meli zile hakukuwa na mshahara. Kila mtu alikuwa na fungu lake la mauzo: la nahodha nono, la baharia mgeni pengine moja kati ya 150, au dogo zaidi. Nguo na tumbaku alizochukua melini ziliandikwa, zikakatwa mwishoni. Aliyewahi kusikia vijana wa boti wakigawana pesa ufuoni anaijua hesabu hii. Mafuta ya injini yanatolewa kwanza. Boti ina fungu lake, nyavu zina lake, na kinachobaki ndicho cha watu. Na kama ulishakopa kwa mwenye boti, basi, unarudi nyumbani na omena ya mboga tu.

Nguvu ya Browne iko hapo. Anaandika kutoka chumba cha chini cha mabaharia, penye uvundo na ugomvi, wala haipambi bahari.

Lakini ukweli usemwe: huruma yake ina mipaka. Mabaharia wenzake Wareno na watu wa Zanzibar anawatazama kwa dharau. Tena, uchungu wake unamfanya adai kwamba angekubali kubadilishana nafasi na mtumwa. Mwaka 1843 anashuka Zanzibar ya Sayyid Said, ambako watu waliuzwa sokoni. Msomaji akifika kurasa hizo, ile kauli inamkwama kooni. Baharia aliyeonewa aliweza kushuka melini, akarudi kwao, akaandika kitabu. Aliyeuzwa hakuwa na mlango huo.

Kuna jambo lingine. Mwishoni Browne ameambatisha historia fupi ya biashara ya nyangumi. Humo wale wanaume tuliowazoea wanafifia, tunabaki na meli na biashara. Ni kama amehama chumba cha mabaharia akaenda kukaa na wenye meli.

Ziwa letu nalo limeandikwa zaidi kwa sauti hiyo ya pili. Tangu ripoti ya Michael Graham ya 1929, tunasoma kuhusu ngege, matundu ya nyavu, baadaye tani za mbuta. Hizo ni habari muhimu, sikatai. Bila kipimo cha nyavu samaki huisha. Ila kijana anayekesha na taa akivua omena, na mama anayeianika asubuhi, wanatajwa kama idadi tu.

Browne, pamoja na dharau zake, anatuonyesha historia ya majini inaweza kuanzia wapi: kwenye mgao. Muulize mvuvi alibaki na shilingi ngapi, na nani alikata kwanza.