Mwenye Duka na Wakubwa wa Mji: Uhakiki wa Riwaya ya The Bookshop

Mwenye duka si mhusika tunayempokea kwa moyo mweupe katika fasihi yetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, aghalabu alichorwa kama mlanguzi: anaficha sukari, anapunja mizani, anangoja bidhaa ziadimike ili apandishe bei. Picha hiyo haikuzuka bure, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ilikusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya vijiji mahali pake. Kwa hiyo, tunapompa mwanafunzi wa sekondari riwaya ambayo shujaa wake ni mwenye duka, tena wa Uingereza, yatupasa kwanza tuulize: huyu ni mwenye duka wa namna gani, na anapambana na nani?

Riwaya ya The Bookshop, yaani Duka la Vitabu, ilitolewa mwaka 1978. Mtunzi wake, Penelope Fitzgerald (1916–2000), aliwahi kufanya kazi katika duka la vitabu katika mji mdogo wa Southwold, pwani ya mashariki ya Uingereza, na Hardborough, mji wake wa kubuni, umejaa unyevu na upepo wa bahari ile ile. Mwaka ni 1959. Bibi Florence Green, mjane wa makamo, ananunua jumba kuukuu liitwalo Old House, lililokaa tupu kwa miaka saba, akafungua humo duka la vitabu. Utajiri hana. Anadaiwa na benki, kuta zake zinavuja maji, na msaidizi wake ni mtoto wa miaka kumi, Christine Gipping, anayekuja baada ya masomo. (Wasomaji wetu watalikunjia uso jambo hili la kumtumikisha mtoto, na wana haki, lakini tuone baadaye ni nani hasa anayelishikilia, na kwa sababu gani.)

Mpinzani wake ni Bibi Violet Gamart, mke wa jenerali mstaafu. Huyu hatukani wala hatishi. Anamwalika Florence karamuni, anamsifu, kisha anadokeza kwamba Old House lingefaa zaidi kuwa kituo cha sanaa. Hapo ndipo tungependa mwalimu alisimamishe darasa. Nani atakipinga kituo cha sanaa? Neno lenyewe ni jema, na aliyelisema anajulikana kuwa mpenzi wa utamaduni. Florence anakataa kwa sababu moja tu: jumba ni lake na anataka kuuza vitabu.

Mwaka huo huo wa 1978 ilichapishwa hapa kwetu Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi. Humo msomaji anatambua tangu mapema ni nani anayemdhulumu Kijakazi, hata pale Kijakazi mwenyewe anapokuwa bado hajazinduka. Bwana ana sura, ana sauti, ana kasri. Huko Hardborough dhuluma haina mwenyewe. Florence anapoonyesha dirishani riwaya ya Lolita ya Nabokov, ambayo ameagiza nakala 250, watu wanajazana barabarani, na barua inayokuja kulalamikia msongamano ni ya wakili. Mara wakaguzi wanaanza kuuliza habari za mtoto anayefanya kazi dukani, ingawa hatuoni dalili kwamba kuna mtu anayejali afya au masomo ya mtoto huyo. Hatimaye mpwa wa Bibi Gamart, ambaye ni mbunge, anapeleka muswada unaoziwezesha halmashauri kuyatwaa majengo ya kale yaliyowahi kukaa tupu. Jumba linachukuliwa, kisha inaelezwa kuwa halistahili fidia kwa kuwa lina maji chini ya sakafu. Kila hatua imepitia ofisini na kila karatasi ina sahihi. Ukimtafuta wa kumshitaki humpati.

Hata hivyo, mahali tunapouona uwezo wa mtunzi kwa ukamilifu ni habari ya mzee Brundish. Huyu ni mtu wa ukoo wa zamani, mkaa pweke, asiyetoka nyumbani kwake kwa urahisi. Anajikongoja hadi kwa Bibi Gamart kumwambia amwache Florence. Akitoka hapo anaanguka na kufa. Baadaye jenerali anamtembelea Florence kumpa pole, akamwambia kuwa marehemu alikuja kumpongeza mkewe kwa wazo la kituo cha sanaa. Jenerali hajui kwamba anasema uongo. Amelibeba tu neno alilopewa nyumbani. Tumesoma masimulizi mengi ya watu kunyang'anywa shamba na ng'ombe. Hapa maiti ananyang'anywa neno lake la mwisho, tena pamoja na salamu za rambirambi.

Lile pepo linalobisha ukutani usiku halikutusadikisha, na mkasa usingepungukiwa bila hilo. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba maskini wa mji, wavuvi na familia kama ya Christine, wanasemeshwa kidogo mno kiasi kwamba hatujui wao walionaje.

Isabel Coixet aliitengeneza hadithi hii kuwa filamu mwaka 2017, na humo Christine analichoma moto jumba ili wakubwa wasilifaidi. Mtazamaji anatoka amepoa moyo. Hatukubaliani na badiliko hilo. Kitabu hakimpi msomaji moto wowote: Florence anaondoka kwa treni ameinamisha kichwa, akiona haya kana kwamba kosa lilikuwa lake. Watu wa Hardborough hawakumfukuza. Walinyamaza tu, kila mmoja kwa udogo wa sababu yake.

Christine wa kitabuni hakuchoma kitu. Siku moja Bibi Gamart alipofika dukani akaanza kuvuruga kadi za wanaosubiri vitabu vya kuazima, mtoto huyo, aliyekabidhiwa kadi hizo, alimchapa vidoleni. Katika mji mzima ni yeye peke yake aliyewahi kumgusa mama huyo. Baadaye alishindwa mtihani wa kuingia sekondari ya daraja la juu, akapangiwa shule ya ufundi.