Hongera, Walimu wa Mazoezi

Shahada ya ualimu huchukua miaka 3, lakini kipimo chake halisi ni mazoezi ya kufundisha. Hongera kwa wanachuo wanaoyafanyia Shinyanga na Geita. Tangu ada ya shule za umma ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa yamefurika. Usiku wanaandika azimio la kazi na andalio la somo. Asubuhi wanawakabili vijana wanaovutwa na machimbo ya dhahabu, huku mkufunzi amekaa nyuma akiweka alama. Mwalimu wa kemia anapoeleza kwa nini zebaki ya kukamatia dhahabu ni sumu, anaokoa afya za familia nzima. Shule ziwapokee vizuri, ziwape walimu walezi. Kazi yao ni ya thamani kubwa.