Palu kwenye kishikio cha askari

Mtoto wa Musumba, hapa Lualaba, anaweza kupoteza fahamu kwa palu, lakini tone lake la damu kwenye kioo likaonyesha vimelea vichache tu. Kinachoonekana pale ni vimelea vichanga hasa. Vilivyokomaa vimenata kwenye kuta za mishipa midogo, hata ubongoni, vikishika mahali ambapo mwili uliwawekea askari wake.

Askari hao ni chembe nyeupe. Damu inakwenda kasi, kwa hiyo lazima kwanza zipunguzwe mwendo. Penye maambukizi, ukuta wa mshipa hutoa molekuli za kunasia ziitwazo selektini: chembe inashikwa, inaachiwa, inashikwa tena, ikibiringika polepole. Kemikali za ukutani huiamsha integrini yake, molekuli ya kushikia iitwayo LFA-1, nayo huikamata molekuli ya ukutani, ICAM-1, kwa nguvu. Chembe inasimama, inajibapa, inatambaa mpaka pale seli mbili za ukuta zinapokutana, kisha inajipenyeza nje.

Mwaka 1989 ilithibitika kwamba chembe nyekundu yenye Plasmodium falciparum hunata kwenye ICAM-1 hiyohiyo. Yenyewe haivuki. Inabaki inaziba njia, na inaukwepa wengu ambao ungeichuja.

Kilifi, Kenya, ndiko swali la nani atapata palu ya ubongo lilikofuatwa hadi kwenye jeni. Mwaka 1997 watafiti walieleza badiliko dogo la ICAM-1, asidi amino lisini ya nafasi ya 29 kuwa methionini, ambalo ni la kawaida kwa Waafrika. Kwa watoto wa Kilifi liliandamana na palu ya ubongo, likapewa jina la mji huo. Gambia, mwaka 1998, uhusiano haukuonekana. Gabon, 1999, badiliko lilielekea kuwakinga watoto!

Wengi wangeishia kubishana kwa takwimu. Ninachokiheshimu ni kwamba Alister Craig na wenzake walirudi maabara. Waliona kuwa ICAM-1 ya Kilifi inaishika LFA-1 kwa udhaifu zaidi. Pia, mwaka 2000, chembe zenye vimelea zilipitishwa juu ya ICAM-1 ya kawaida na ya Kilifi katika majimaji yanayotiririka, zikihesabiwa kwa darubini. Mtiririko ni wa lazima: kwenye sahani tulivu hata mshiko hafifu unahesabika, ilhali ndani ya mshipa ungeng'olewa. Koo tofauti za vimelea hazikunata sawa kwenye ICAM-1 hizo mbili. Basi jeni la mtoto peke yake halitoshi. Lazima kijulikane pia kimelea kilichompata. Ndiyo maana jibu la Kilifi haliwezi kuhamishiwa Lualaba bila kupima vimelea vya Lualaba.