Rainbow Six: jina limebadilika, kimelea je?

Mwaka 2019 Ubisoft walitangaza gemu jipya la mfululizo wa Rainbow Six wakaliita Quarantine, yaani karantini. Lilitakiwa kutoka mwanzoni mwa 2020. Nadhani unaona tatizo liko wapi. Kwanza likaahirishwa kwa sababu za kibiashara, halafu korona ikaingia, na Juni 2021 likabatizwa upya: Extraction, yaani kumtoa mtu kwenye hatari. Likaingia sokoni Januari 2022.

Ni rahisi kuona badiliko hilo kama woga tu. Mimi naona jina jipya ndilo lililolifaa tangu mwanzo, kwa sababu karantini ndani ya gemu hili hakuna.

Tangu 1998 Rainbow Six ni habari ya makomando na magaidi: unapanga, unaingia kimya, risasi moja au mbili kwisha habari yako. Siege ya 2015 ikaleta watano dhidi ya watano. Extraction inaacha njia hiyo. Mnakuwa watatu mnaoshirikiana, na adui ni viumbe wanaozalishwa na kimelea kigeni, wazo lililojaribiwa mwaka 2018 ndani ya Siege kwa muda mfupi.

Sasa, neno karantini asili yake ni Venice, zile siku arobaini ambazo meli zilisubirishwa kabla ya watu kushuka. (Ndiyo, arobaini, kama ya mzazi na ya msiba kwetu, ingawa hazina undugu.) Kiini chake ni muda: unamtenga mtu anayeonekana mzima, kwa sababu huenda ameambukizwa na dalili bado. Hiyo shaka ndiyo inayotesa. Katika Extraction timu inaingia, inarudi, inaingia tena, na huna haja ya kumshuku mwenzako. Vijispora vikikuganda mwilini unaviondoa, maisha yanaendelea. Ute mweusi uliotanda sakafuni unakupunguza mwendo. Ukiupiga risasi unasafika. Kwa mtu anayesoma vimelea hii inauma kidogo. Kimelea halisi kinaishi kwa kumtegemea mwenyeji wake, na hapo ndipo utamu wa hadithi ulipo. Hiki ni kiwanda cha maadui tu.

Lakini kuna sehemu moja walipatia kweli. Askari wako akianguka na wenzake wakashindwa kumbeba, anabaki kulekule, amefunikwa povu gumu, na humtumii tena mpaka urudi kumtoa. Ukishindwa, maendeleo yake yanapungua. Aliyeumia naye anapumzika wakati unatumia wengine. Baada ya kila eneo mnaamua: tusonge mbele kwenye pointi nyingi na hatari kubwa zaidi, au tuondoke?

Mwaka 1994 Colin Clark aliandika kuhusu kitu hiki kwa wanyama. Mwenye akiba kubwa ya uzazi ujao ana sababu ya kukwepa hatari. Aliyebakiwa na kidogo anaweza kujilipua. Mimi nilijikuta naishi nadharia hiyo bila kutaka. Askari wangu bora nikawa namfungia ndani kama kuku wa mgeni, naenda vitani na wale nisiowajali. Jamaa ninaocheza nao wakanicheka, kisha na wao wakaanza.

Shida ni kwamba uamuzi huo mzuri umezungukwa na kazi zinazojirudia. Kazi ziko 13, maeneo 12, na baada ya wiki mbili nilikuwa najua la kufanya kabla mlango haujafunguka. Hofu inabaki kwa askari tu, kimelea hakitishi tena. Wangeruhusu hata mara moja mmoja wetu arudi kambini na maambukizi tusiyoyaona, ningesamehe hata lile jina la kwanza.

Usiku mmoja niliwashawishi wenzangu tuondoke mapema, tukamwacha wa tatu kwenye povu. Alikuwa daraja la 10. Mwenyewe bado hajanisamehe.