Joto, Halijoto na Kioo: Maneno Matatu Yanayopaswa Kupimwa Upya

Miongoni mwa vifaa vinavyomtia mfasiri mashakani ni ile safu ya vioo vidogo mno, kila kimoja kikiwa na upana wa mikroni zipatazo kumi, ambavyo huinama huku na huku juu ya bawaba zake ili kuuelekeza mwanga. Kifaa hiki kilibuniwa mwaka 1987 na Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, Marekani. Kikipigwa na leza yenye nguvu nyingi hupata moto, na hapo ndipo mfasiri anapoandika "kikomo cha joto". Fungu hili la maneno, kwa maoni yetu, halitoshelezi.

Joto ni nishati. Halijoto ni kipimo kinachohesabiwa kwa nyuzi. Tuchukue mwali wa wati 20. Alumini huakisi takriban sehemu tisa katika kumi za mwanga uonekanao, hivyo wati zipatazo 2 hufyonzwa na kugeuka joto. Mwali huohuo ukikusanywa katika eneo dogo mara kumi, joto la jumla halibadiliki. Bali kila kioo kilichopigwa hupokea mara kumi ya kile kilichopokea awali, na halijoto yake hupanda mara kumi zaidi juu ya ile ya kitako. Kupoza kitako hakuliondoi pengo hilo, kwa kuwa joto halina budi kupita kwanza katika bawaba nyembamba. Bawaba zikikaa zimeinama upande mmoja katika halijoto kubwa kwa muda mrefu, huzoea upande huo. Basi vikomo ni viwili, na istilahi moja huvificha vyote.

Neno "kioo" nalo lina ila yake. Msomaji hufikiri bilauri au dirisha, ilhali hapa hakuna kioo cha namna hiyo, bali kibati cha alumini. Twapendekeza "kiakisi", ambalo hutaja kazi ya kitu na kuacha kando kilichokiunda.

Huenda mtu akasema kwamba tofauti hizi ni za wataalamu tu. Hatukubaliani naye. Huko Kwamsisi, wilayani Handeni, katika miaka ya 1970 shule ya msingi iliunganishwa na maisha ya kijiji, katika jaribio lililohusisha Chuo cha Ualimu cha Korogwe. Mwalimu wa shule ya namna hiyo aweza kuionyesha tofauti hii mekoni: cheche ya moto ina halijoto kubwa kuliko sufuria ya maji yachemkayo, lakini sufuria ina joto jingi zaidi. Mwanafunzi aliyeelewa hayo hatashindwa na leza.

Kwa hiyo twashauri yaandikwe "kikomo cha nguvu" pale zinapohesabiwa wati, "kikomo cha ukali" pale wati zinapogawanywa kwa eneo, na "kikomo cha halijoto" pale zinapohesabiwa nyuzi. Mfasiri asiyejua ni kipi kinachokusudiwa na aulize kabla ya kuandika.